Pazia Lisilo na Dirisha

Mtaani kwao walimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, si kazini, si sokoni, si msibani. Alikuwa mshonaji wa mapazia. Akikutembelea, kabla hujampa kiti macho yake yalikuwa yameshapanda ukutani na kushuka, na tayari anajua dirisha lako linataka kitambaa kiasi gani. Aliingia nyumba za watu zikiwa shaghalabaghala, akaziacha zimetulia kama zimetoka kuoga. Nyumba yake mwenyewe ndiyo ilikuwa kichekesho.

Mumewe alikuwa fundi wa feni, mtu mpole, mpenda utani, mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuweza kutupa kitu. Kila feni iliyowashinda wateja ilikuja kumalizia uzee wake sebuleni kwao. Feni chini ya meza, feni juu ya kabati, mapanga ya feni nyuma ya mlango. Mkewe akilalamika, yeye huinua moja, akaizungusha kwa kidole na kuitegea sikio.

"Sikiliza, mke wangu. Hii bado inapumua."

"Na mimi je? Umewahi kunitegea sikio kama bado napumua?"

Basi watacheka, na feni itarudi pale pale.

Mambo yaliharibika siku wifi yake alipopiga simu kusema Jumamosi atakuja kushinda. Huyu wifi, dada mkubwa wa fundi, alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Mwenyewe alishastaafu, ila kidole chake kilikataa kustaafu. Kilipita juu ya redio, kikapita chini ya meza, kisha kikainuliwa kwenye mwanga kisomwe. Mara ya mwisho alipokuja alifunua mto wa kochi, akatoa soksi kwa ncha za vidole viwili na kuuliza, "Na huyu naye ni mgeni wa nani?"

Bi Futi akamwomba mumewe apunguze feni.

"Hata moja?"

"Hata moja, baba. Nionee huruma."

Fundi akafikiri sana. "Labda ile ya njano." Akaenda kuitazama, akarudi. "Hapana. Ile ya njano ndiyo nzuri kuliko zote."

Mumewe alipoondoka kwenda kazini, Bi Futi alifunga kibanda chake cha kushonea, akarudi nyumbani, akasimama katikati ya sebule kama anavyosimama kwenye nyumba ya mteja. Akajiuliza: jicho likiingia hapa, linakwama wapi? Lilikwama kila mahali. Lilikwama kwenye kalenda za miaka iliyokwisha zilizopangana ukutani. Lilikwama kwenye vitambaa vya makochi, kila kimoja na ua lake na rangi yake. Na kwenye feni ndipo lilipovunjika mguu kabisa.

Akashusha kalenda zote, akaacha picha moja ya harusi. Akayavua makochi maua yao, akayavisha rangi moja. Chini ya makochi akatoa kila kilichosukumiwa humo, mpaka sakafu ikaonekana ikipita moja kwa moja hadi ukutani, na chumba kikawa kama kimeongezwa. Kisha akazipanga feni zote upande mmoja, akafunga bomba la pazia karibu na dari kutoka kona hadi kona, na kuteremsha kitambaa chenye rangi ya ukuta wenyewe, kisicho na ua wala lazi, mpaka chini. Feni zikatoweka. Kilichobaki ni ukuta uliovaa vizuri.

Fundi aliporudi alifungua mlango, akasema "Samahani jamani," akaufunga. Bi Futi alimsikia nje akimuuliza jirani kama amekosea nyumba.

Alipofunua pazia na kuziona feni zake zimekaa kwa mpangilio, hata moja haijapotea, nusura alie. Siku ya pili akaingiza kigoda humo ndani, akavuta waya wa umeme. Siku ya tatu ukimuuliza Bi Futi mumewe yuko wapi, anakujibu, "Yuko ofisini."

Jumamosi Matroni alibisha hodi mapema kuliko alivyosema, kama afanyavyo mkaguzi yeyote. Fundi alikuwa nyuma ya pazia na singleti, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Kaa humo humo," mkewe akamnong'oneza. "Ukitoka hivyo tumekwisha."

Matroni akaingia. Kidole kikapita juu ya redio, kikasomwa, hakikuwa na habari. Akainua mto wa kochi. Hapakuwa na mgeni.

"Wifi," akasema polepole, "hapa pamepumua. Na huyo mumeo wa kukusanya makopo yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, wifi. Hayuko mbali."

Matroni akalitazama pazia. "Mbona hulifungui dirisha?"

"Jua, wifi. Linapausha kitambaa."

Nyuma huko fundi alitaka kujinyoosha mgongo, kiwiko kikagusa swichi. Feni ya njano ikaamka. Pazia likavimba kama tanga, upepo ukaenea sebuleni. Bi Futi akafumba macho akingoja mwisho wa dunia.

"Looo! Kumbe mna upepo wa namna hii!" Matroni alisogeza kiti chake mpaka mbele ya pazia, akalegeza kilemba. "Sibanduki hapa."

Na kweli hakubanduka. Akaanza kusimulia jinsi mdogo wake alivyokuwa mchafu tangu utotoni, anaokota misumari, betri zilizokufa, vizibo vya soda. "Mimi ndiye niliyekuwa nagombana naye atupe."

"Uongo!" likasema pazia. "Vizibo ulinituma wewe! Na peremende ulizoniahidi ukala mwenyewe!"

Matroni alimgeukia mwenye nyumba taratibu. "Dirisha lako limesema nini?"

Ikabidi fundi atoke, singleti, grisi na yote. Dada mtu akalisogeza pazia kwa kile kidole. Alizikagua feni moja moja, halafu akainama na kuvuta kitu kilichokuwa nyuma ya mojawapo.

"Hii si pasi yangu? Uliniambia unaitafutia kipuri, na nywele zangu zilikuwa bado nyeusi!"

"Bado nakitafuta, dada."

"Na wewe wifi, ukanitazama usoni ukaniambia ni jua!"

"Jua lipo, wifi. Ila halipo upande huo."

Matroni alijitahidi kununa, lakini mabega yakamsaliti. Alicheka mpaka akaketi juu ya feni. Jioni alipokuwa anaaga, alimvuta Bi Futi mlangoni na kushusha sauti. "Kitambaa kile, kingine kipo? Njoo na futi yako. Ila njoo peke yako."

Bi Futi alikwenda. Kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Matroni iliyong'aa, ukuta mzima ulikuwa umejaa mpaka juu: vioo vya mkononi, chupa za manukato, viredio, heleni, viatu vya visigino. Vitu vyote alivyowahi kuwanyang'anya wasichana wa bweni.

"Niliwaambia waje wachukue wakimaliza shule," Matroni akasema. "Wengine waliogopa kunirudia. Nitatupaje? Ni vya watu."

Bi Futi alipanda kwenye kigoda, akaipa dunia nzima mgongo na kuanza kupima. Nyuma yake akasikia ko, ko, ko sakafuni. Alipogeuka, wifi yake alikuwa amevaa viatu vyekundu vya visigino virefu, ameshika ukingo wa kitanda, anajaribu kugeuka kama warembo wa kwenye majarida.

"Pima, wewe," akasema Matroni. "Usiniangalie."