Wimbo Niliouita Wangu

Alhamisi kabla ya onyesho langu la kwanza la piano, nilikwenda kusukwa nywele kwa anti, dadake mama, ambaye ana saluni ya viti vitatu karibu na steji ya matatu ya Kawangware 56. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Wiki hiyo nzima nilikuwa nikila nusu chapati nashiba, na vidole vyangu vilicheza juu ya kila nilichogusa, meza, magoti, hata ukuta wa bafu.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, katika ukumbi wa kanisa hapo hapo Kawangware. Aliyelipanga ni mwalimu wangu, mama mzee mwenyeji wa pale, ambaye ukoo wao ulilima mahindi mahali ambapo leo ni ploti za wapangaji. Alifundisha muziki shuleni hadi akastaafu. Ukumbi ule ulikuwa na piano ya kweli, ya mbao, yenye pedali iliyolia kidogo ukiikanyaga. Kwa miaka sita nilikuwa nikitoka kwetu Mashimoni, Kibera, kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwenda kuipiga.

Nilikuwa nipige vipande vinne. Vitatu vilikuwa vya Wazungu wa zamani, vile ambavyo kila mwanafunzi wa piano lazima avipitie. Cha nne nilikuwa nimekitunga mimi. Mwalimu alikuwa ameshachapisha karatasi za ratiba, na mstari wa mwisho ulisema kimetungwa na nani, likafuata jina langu. Karatasi moja nilitembea nayo kwenye mkoba. Sijui niliitoa mara ngapi kuitazama.

Anti alikuwa na bibi harusi wa kumsuka Jumamosi, kwa hivyo asingeweza kuja. Akasema, "Basi tuskie huo wimbo wako leo, nami nijue nimekosa nini."

Nilikuwa nimeurekodi kwa simu. Nikaiweka mezani kati ya vitana na mafuta, nikaucheza. Mwanzoni alikuwa akitingisha kichwa kwa madaha huku akisuka. Kisha mikono yake ikasimama kwenye nywele zangu.

"Huu umeutoa wapi?"

"Si nimetunga."

"Nakuuliza umeutoa wapi."

Nikamwambia ukweli, maana sikuona ubaya wake. Sauti kuu ya wimbo nilikuwa nimeitoa kwa mama. Mama hufulia watu nguo kwenye maghorofa ya Kilimani, na akirudi nyumbani anafua zetu. Akiwa ameinama juu ya beseni, huimba mdomo umefungwa, hamna maneno, ni ile sauti tu, ile ile tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ni wimbo wa kwao, wa Wajaluo wa ziwani, wa kila mtu. Nikauchukua, nikauwekea mkono wa kushoto, nikauzungusha, nikaurefusha. Watunzi wengi hufanya hivyo na nyimbo za nyumbani kwao.

Anti akachukua simu akaizima. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akanitazama kupitia kioo.

"Si wa ziwani," akasema. "Mama yako aliutunga mwenyewe. Unajua kabla yako kulikuwa na mtoto?"

Nilijua. Kwetu kila mtu alijua, na hakuna aliyemtaja.

"Alikuwa wa miezi minane. Kifua. Siku tatu mama yako alikaa naye hospitali akimwimbia huo, hakulala. Mimi nilikuwa namletea uji. Siku ya tatu mtoto akatuacha, naye akanyamaza. Tangu siku hiyo sijawahi kumskia akiuimba."

"Anti, anauimba kila siku."

"Basi hajui kama anauimba," akasema. Akasimama, akaendelea kusuka.

Ijumaa nilifanya mazoezi vibaya sana. Kila nilipofika kipande cha nne nilikwama. Niliona picha moja tu, mama ameketi mstari wa pili katika nguo yake ya kanisani, na binti yake akimpigia mbele ya watu wimbo wa mtoto wake, tena kwa jina lisilo lake. Nikiuacha, karatasi zimeshachapishwa na mwalimu amealika watu. Nikiupiga, sijui nitamfanya nini mama yangu.

Jumamosi asubuhi nilijaribu kumwambia. Alikuwa amewasha pasi ya makaa, ananyoosha kola, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Kwenye kioski cha maji alikuwa amewaambia wanawake wote.

"Mama, kuna kitu kuhusu ule wimbo wangu."

"Utaniambia tukirudi. Umekunywa chai?"

"Mama, ni muhimu."

"Muhimu ni unywe chai. Utaanguka huko mbele watu waseme mimi sikulishi."

Nikanywa chai. Nikashindwa.

Ukumbini, dakika kumi na tano kabla ya kuanza, nilimkuta mwalimu nyuma ya jukwaa akipanguza vitufe vya piano kwa leso yake. Nikamwambia nataka kuacha kipande cha mwisho. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwa haraka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kuacha unaweza," akasema. "Hiyo si kazi kubwa. Lakini unaniuliza mimi, na mwenye wimbo ameketi pale."

Nikatoka hadi mstari wa pili. Nikamwomba mama tutoke nje kidogo. Tulisimama kando ya tangi la maji, jua linawaka, redio ya duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara ikipiga kelele. Nikamwambia yote, kwamba wimbo wangu ni wimbo wake, kwamba nilimsikia akiuimba akifua, kwamba anti ameniambia ulikuwa wa nani.

Mama aliangalia chini.

"Mimi naimba huo?" akauliza. "Kwa sauti?"

"Ndiyo, mama."

"Nikifua?"

"Kila siku."

Aliweka mkono kinywani kana kwamba amenaswa akisema maneno mabaya. Nilimngoja aseme niupige au nisiupige. Badala yake akasema, "Watu wanakungoja, nyathina," akanipa mgongo na kuelekea langoni. Kwa Kijaluo nyathina ni mwanangu, na mama huniita hivyo nikiwa mgonjwa au nikiwa nimemuudhi. Sikujua siku ile ananihurumia au nimemuudhi. Nikataka kumfuata. Mwalimu akaniita kutoka mlangoni.

Nilianza nikiwa natazama kiti kitupu. Kipande cha kwanza nilikikosea ukurasa wa pili. Mkono wa kushoto ulitangulia, nikalazimika kuruka mistari miwili ili mikono ikutane. Sidhani wengi waligundua, lakini mwalimu alifumba macho. Kipande cha pili kilikwenda salama kwa sababu ni cha haraka na hakikunipa nafasi ya kufikiria. Watu wakapiga makofi. Nikainuka kuinamisha kichwa, nikatazama tena. Kiti bado kitupu, mkoba wake tu umebaki juu yake. Nikajiambia, hawezi kwenda mbali bila mkoba. Kisha nikajiambia, mama yangu anaweza.

Katikati ya kipande cha tatu nilisikia mlango ukifunguka. Sikuthubutu kugeuka. Nilipomaliza na kusimama, nilimwona ameegemea ukuta wa nyuma, uso umelowa kwa maji ya bomba, kola yake nzuri imeloa pia.

Sasa ilikuwa zamu ya cha nne. Nilikaa. Sikuweka mikono kwenye piano. Ukumbi ulinyamaza, kisha ukaanza ule ukimya wa watu wanaojiuliza kama kuna shida. Mtu akakohoa. Niligeuza kichwa nikamtazama mama, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akitikisa kichwa tu, nitasimama niwaambie watu asanteni, tumefika mwisho.

Alitoka ukutani. Akapita katikati ya viti, polepole, viatu vyake vya kanisani vikigonga sakafu. Akafika mstari wa pili, akainua mkoba, akaketi, akauweka magotini. Kisha akanitazama, akangoja.

Nikapiga.

Sikumbuki mengi. Nakumbuka pedali ikilia. Nakumbuka kwamba nilipofika pale sauti yenyewe inaposimama uchi, bila mkono wa kushoto, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nikaharakisha ili nipite. Watu walipopiga makofi, mama hakupiga. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Baadaye watu walikuja kunisalimia. Mwalimu alinishika bega tu. Mama alingoja hadi wote walipoondoka, ndipo akaja karibu na piano, ambayo hakuwa amewahi kuigusa, akapitisha kidole kwenye ubao wake.

"Umeupiga haraka," akasema.

"Niliogopa."

"Mtoto alikuwa mgonjwa. Mgonjwa haimbiwi haraka hivyo." Akaondoa kidole kwenye ubao. "Na una kipande kimoja tu cha huo wimbo. Kuna kingine."

Hakuniimbia siku hiyo, nami sikumwomba. Tulirudi Mashimoni kwa miguu, na njiani aliniambia jina la kaka yangu. Ni mara ya kwanza kulisikia kutoka kinywani mwake. Sitaliandika hapa.

Kwa majuma kadhaa alifua kimya. Nilisikia maji na sabuni tu, na nililala nikijilaumu kwamba nimemnyang'anya kitu ambacho hata hakujua anacho. Mwalimu alipotaka niurudie wimbo ule kwenye harambee ya kuchangia kanisa, nilimuuliza mama, akakataa, nikapiga kingine. Sikumuuliza tena.

Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, akaja kuketi kando yangu nilipokuwa na kibodi ndogo tuliyoazima kanisani kwetu. Akaniambia nipunguze sauti kabisa. Akafumba macho, akaanza kuimba, kwa mdomo wazi, na safari hii kulikuwa na maneno. Nilichukua kalamu. Niliandika kwa haraka hivi kwamba noti za mstari wa kwanza zilitoka zimepinda, na ikabidi nimwombe arudie.

"Andika polepole," akasema. "Leo sina nguo za kufua."