Mlango wa Nyuma Uliokataa Kufungika

Hii habari si ya kuambiwa. Sikuisikia sokoni, sikuisikia matangani, na sikuiota. Niliketi nayo kwenye benchi moja, bega kwa bega, hapo Malaba, tena mchana. Wengine wakikuhadithia mzimu lazima kuwe na usiku na mbwa wanalia. Wangu alikuja watu wakitoka kula, na aliagiza chai. Kama unataka kucheka, cheka sasa, maana mbele utaacha.

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo ukiona maneno yangu yanazunguka njiani, vumilia. Yatafika.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na hoteli ndogo karibu na pale malori yanapanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Chapati, matumbo, ugali na omena, wale dagaa wa Sio Port. Kuna waliosema hoteli za Busia zilikuwa safi kuliko zetu, lakini ukiangalia ni watu wa Busia wenyewe waliosema. Basi dereva angeweza kukwama Malaba mpaka ndevu zinaota, makaratasi hayajatoka, na mwanamume akikaa bure hivyo ni kulewa au kupigana. Ndipo ndugu yangu, ambaye alikuwa ajenti wa forodha, akaniletea mashine ya gemu kutoka Nairobi. Ya rangi ya kijivu, unafungua mfuniko kama sufuria, unaweka sidii, unaunganisha na televisheni. Akaniambia, "Dada, hii itawatuliza." Ikawatuliza kweli! Walipiga makelele mpaka askari wa getini wakaja kuuliza ni nani anauawa.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mtu mmoja ndani ya chombo kikubwa kilichokwama huko juu kati ya nyota. Wenzake wote wamekufa. Amevaa nguo kama za mtu wa kunyunyiza dawa ya ng'ombe, kofia imemfunika uso mzima, na hewa yake iko kwenye mtungi mgongoni, inapungua. Risasi ni chache, ukizimaliza umekwisha. Na huko kwenye mabomba ya ukutani kuna vitu vinatambaa, huvioni, unasikia tu kucha. Kazi yako ni kumfikisha mtu huyu kwenye kachombo kadogo ka kurudi kwao. Ni hayo tu. Na nikuambie ukweli, hakuna dereva aliyeuliza maana. Walielewa mara moja.

"Hili ni lori limekufa mahali hakuna mekanika," akasema Ekisa. Huyu Ekisa alikuwa Mteso wa Kocholia, dereva wa trela, mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko trela.

"Na hayo madudu kwenye bomba?"

"Hao ni mashemeji. Wamesikia umefika."

Nilikuwa nikiwapikia huku ninatazama, na kidogo kidogo nikaanza kucheza mimi mwenyewe asubuhi kabla hawajaamka. Niamini, niliwashinda wote. Wao walicheza kama wanaume, wanakimbia, wanapiga risasi kila kivuli. Mimi nilicheza kama mtu anayepika na makaa machache.

Lakini kulikuwa na mahali kila mtu aliangukia. Karibu na mwisho kuna chumba kidogo chenye milango miwili, mmoja nyuma, mmoja mbele. Mtu wetu akiingia, anakimbilia ule wa mbele, anaubonyeza, haufunguki. Wanabonyeza, wanatukana, madudu yanaingia kwa nyuma, kwisha. Mimi nilipita, na siri yake mtu wa mpakani angepaswa kuijua. Lazima ugeuke uufunge kwanza mlango uliotokea. Ule wa nyuma ukifungika, wa mbele unafunguka wenyewe. Si ndivyo tunavyoishi? Huwezi kugongewa muhuri wa kuingia Uganda kama hujagongewa wa kutoka Kenya. Sikuwaambia. Wacha watafute.

Aliyependa gemu ile kuliko wote alikuwa Makokha, dereva kijana kutoka Marachi. Mimi aliniita Mama Sukari, yeye peke yake, kwa sababu alidai chai yangu sukari nimeionyesha tu nikairudisha kabatini. Wenzake walipobishana kama yule mtu wa gemu hajafa zamani bila kujua, Makokha alikataa kabisa.

"Hajafa huyu. Mtu anayetafuta njia ya kwao hajafa."

"Makokha, hata hewa hana!" Ekisa akamwambia.

"Na wewe pesa huna, mbona unaishi?"

Alikwama kwenye kile chumba cha milango miwili, akaahidi atamaliza akirudi. Akavuka na mzigo wa kwenda Zaire, wakati ule kulikuwa na vita huko. Lori lilionekana, limesimama pembeni ya barabara, mlango wazi. Yeye hakuonekana.

Tukangoja. Krismasi ikapita, na nyingine ikapita. Mwishowe watu wa kwao wakafanya yale tunayofanya sisi mtu akipotea na mwili usipatikane. Ulitafutwa mgomba, ukalazwa kaburini badala yake, ukaitwa jina lake, ukaliliwa. Ni desturi yetu, ili yule mtu popote alipo ajue amezikwa, apumzike, na walio hai wapumzike. Mimi na Ekisa tulienda. Kulikuwa na mvua, watu walikuwa na haraka, na kaka yake, Wandera, ndiye aliyeuleta ule mgomba begani. Nililia sana siku hiyo, sikuangalia mambo ya mgomba.

Badala ya kupumzika, mama yake akaanza kwisha. Mama Makokha alikuwa akiniletea njugu za kuuza, mwanamke wa kucheka mpaka anashika mbavu. Baada ya mazishi akaacha kuja. Tukasikia hali chakula, halali usingizi, na kila mvua ikinyesha anatoka mbio kwenda kwenye geti la boma lao, anasema Makokha anabisha na hakuna anayemfungulia. Wanamrudisha akiwa amelowa, anatetemeka kama kifaranga. Unajua kwetu wanasema nini juu ya mtu anayeitikia sauti ya hivyo? Wanasema siku moja ataenda nayo. Wandera alipita hotelini kwangu akasema, "Mama hafiki mavuno." Alisema hivyo, na uso wake ukageukia ukutani.

Sasa fika hapa na mimi.

Siku hiyo wingu lilikuja kutoka upande wa Tororo, jeusi, mvua ikashuka kama imemwagwa na beseni. Madereva wakakimbilia malorini. Nikachomoa waya wa televisheni na wa ile mashine, kwa sababu radi ya kwetu ilishawahi kunichomea redio. Nikazifunga nyaya, nikaziweka juu ya meza. Kumbuka hilo. Kisha stima ikapotea Malaba nzima, nikaingia jikoni kutafuta mshumaa.

Nikiwa jikoni nikasikia gemu.

Nikasikia zile kucha kwenye bomba. Nikasikia yule mtu akipumua ndani ya kofia yake, huu, haa, huu, haa. Nikafikiri stima imerudi. Nikatoka, na balbu ilikuwa imekufa, na friji imenyamaza, lakini televisheni ilikuwa inawaka, mwanga wake wa buluu umejaa chumba, na mtu ameketi kwenye benchi amenipa mgongo, anacheza.

"Mama Sukari," akasema bila kugeuka. "Chai. Na leo usionyeshe tu."

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Kukimbilia wapi, mvua ile? Kwanza ile ilikuwa hoteli yangu. Mtu hawezi kunikimbiza kwenye hoteli yangu eti kwa sababu amekufa. Nikamimina chai, nikatia sukari ya kutosha, nikaiweka mbele yake. Nikaona nyaya juu ya meza, zimefungwa vile nilivyozifunga. Hazikuunganishwa na chochote.

"Makokha," nikamwambia, "wewe si tulikuzika?"

"Mlizika mgomba, mama."

"Na wewe uko wapi?"

Alinionyesha televisheni kwa kidevu. Mtu wake alikuwa kwenye kile chumba. Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma uko wazi. Anabonyeza, haufunguki, madudu yanaingia, giza, anaanza tena. Nilimtazama akifa hivyo mara nyingi, na kila mara mabega yake yalishuka kidogo. Nikaketi kando yake. Baridi yake ilikuwa kama ya chupa iliyotoka kwenye friji.

"Geuka nyuma, mwanangu," nikasema. "Ufunge kwanza ule uliotokea. Wa mbele hautafunguka huo mwingine ukiwa wazi."

"Najua. Nimejua zamani. Haufungiki. Kuna kitu kimeuzuia."

"Hakuna kitu hapo, mimi nimepita."

"Angalia, mama."

Akamgeuza yule mtu. Mimi gemu ile nilikuwa naijua kama jiko langu, kila kona, na ninakuapia kitu kile hakikuwa ndani yake. Kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kati ya vyuma, ulikuwa umeota mgomba. Bado mchanga, wa kijani kibichi, jani moja limefunguka na lingine bado limejisokota. Mlango wa chuma ulishuka, ukaugusa, ukarudi juu. Ukashuka tena, ukarudi.

"Mama yangu anaukimbilia huu mlango kila mvua," Makokha akasema polepole. "Akiufikia ataingia. Sitaki aingie huku. Mwambie."

Hapo stima ikarudi. Balbu ikawaka, friji ikakohoa, na televisheni ikazimika. Benchi lilikuwa na mimi peke yangu. Chai ilikuwa imejaa vilevile, baridi kabisa, na juu imefanya ngozi.

Kesho yake nilimpata Ekisa, nikamweleza. Nilidhani atanifanyia utani mpaka Mombasa. Alisikiliza, akatema mate, akasema, "Twende." Tukafika Butula, huko Marachi, tukachukua boda za baiskeli mpaka bomani kwa kina Makokha. Tukamwuliza Wandera kaburi la kaka yake likoje.

"Liko vizuri sana," akasema, na akafurahi kweli. "Njooni muone. Mgomba umeota!"

Ulikuwa umeota katikati ya kaburi, urefu wa kiuno, jani moja limefunguka na lingine limejisokota. Ekisa alinishika mkono mpaka ukauma.

"Wandera," nikasema, "ule mgomba ulioleta, uliukata wapi?"

"Sikuukata, mama. Kulikuwa na mvua, panga limepotea. Niliung'oa."

"Pamoja na kitako chake? Na mizizi?"

"Pamoja na kila kitu."

Unaona? Mgomba wa kuzika unakatwa, linachukuliwa gogo tupu, likioza limeoza na mambo yamekwisha. Huyu mtu alimzika ndugu yake kwa mche. Alimpanda! Nikataka kumkemea, lakini nikaona kando ya kaburi kopo la maji, na udongo wa hapo umelowa chapachapa, ingawa siku hiyo mvua haikunyesha. Nikauliza nani anaumwagilia.

"Mimi," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa Mama Makokha. Amebaki mifupa na leso. Akapita katikati yetu, akasimama mbele ya ule mgomba kama mtu anayemkinga mtoto.

"Mulembe, mama," nikamsalimia.

"Usiniambie mulembe, ninajua kilichokuleta. Mkiung'oa huu mtakuwa mmemuua mara ya pili. Ya kwanza hamkunipa hata mwili. Hii ndiyo ninayo."

Nikaketi chini, kwenye matope, nikamsimulia yote. Chumba, milango, vile mabega ya mtoto wake yalivyokuwa yakishuka. Nilimwambia, "Hawezi kwenda na hawezi kurudi. Ule mlango anataka kuufunga, na wewe ndiye unayemshikia wazi. Amekuomba wewe, hakuomba Wandera."

Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Alikunywa chai?"

"Hakunywa, mama."

"Basi kweli amekwenda, Makokha aliye hai haachi chai," akasema. Akamwambia Wandera alete jembe, na Wandera alipotaka kuanza, akamnyang'anya. Alichimba mwenyewe. Mikono ile myembamba! Kila pigo alisema jina la mwanawe, hakulia. Kitako kilipotoka, kizito, kina mizizi myeupe, alikipasua kwa jembe vipande vipande, akavitupa juani.

Na geti la boma, lile la mabati, ambalo tuliliacha wazi tulipoingia, likajifunga. Hakukuwa na upepo, hata majani ya mahindi yalikuwa yametulia. Lilikuja polepole, likakaa mahali pake, tak. Sisi wote tulilisikia.

Mama Makokha akageuza kichwa. "Kila mvua mwanangu alikuwa analibamiza," akasema. "Leo amefunga vizuri." Kisha akasema ana njaa.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaniletea njugu tena, akacheka tena, ingawa si mpaka kushika mbavu. Ile mashine ilikaa kwangu hadi ikaharibika, na madereva waliendelea kuicheza, lakini mimi sikuigusa tena. Na kuna jambo limenibakia mpaka uzee huu. Mvua ikinyesha mchana na stima ikipotea, mimi hutoka nje nikasimama barabarani. Wajukuu wanapiga kelele, "Nyanya, unalowa!" Wacha nilowe. Kuketi ndani na televisheni siwezi.

Wewe unayesoma, kama una mtu wako aliyepotea, mngoje vile moyo wako utakavyo, hakuna atakayekulaumu. Lakini ukishamzika, umemzika. Mlilie, mtaje, wapikie watu chakula kwa jina lake. Maji usimwagilie. Kuna mtu wako huko anahema ndani ya kofia, hewa inapungua, anangoja umwachie mlango aufunge.