Njia ya Mama Kwenye Ramani

Madam wa Jiografia alitufundisha kutengeneza ramani ya mtandaoni, ile ambayo mtu akibonyeza alama inafungua kidirisha chenye maneno na picha. Kazi ilikuwa kuchora sehemu unayotoka. Mimi sinyooshi mkono darasani hata nikijua jibu, kwa hiyo kazi ya kuchora kimya kimya ilinifaa sana.

Nilichora njia ya kufika kwetu, kwa sababu ya mama. Mama anafinyanga vyungu, na wateja wa kutoka Kyela mjini hupotea njia. Mama mmoja mwenye mgahawa alishapotea mara moja akaishia kununua kwa majirani. Sasa alikuwa ameagiza vyungu vikubwa, avifuate Jumamosi.

"Akipotea tena, basi," mama alisema. "Hatarudi huyo."

Kwenye picha ya setilaiti kwetu ni migomba na kokoa tu, njia haionekani. Nikachora mstari kwa kichwa, kutoka barabarani mpaka kwenye vyungu. Nikaweka picha za vyungu bila sura ya mama, maana alikataa. Baba akamtumia mteja linki.

Jumamosi yule mama wa mgahawa alitokea nyuma ya choo chetu, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikitamani kujificha.

"Marahaba. Hii ramani kachora nani? Chura?"

Dereva wa bodaboda alikuwa nyuma yake, amechafuka vilevile. "Mama, nilikwambia! Njia nzuri ipo, inapita pale kwa mzee. Wewe ukasema simu haidanganyi. Pikipiki nimeiacha kijitoni."

Baba akaitazama ramani, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, umechora njia ya mama yako!"

Ni kweli. Nyumba ya babu, baba yake baba, iko kati yetu na barabara. Kwa mila yetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Siku hizi wengi wameacha, lakini mama na babu hawajaacha. Tangu aolewe, mama anazunguka migombani, anavuka kijito, anatokea nyuma ya choo. Mimi nilipita huko mgongoni kwake, kisha nyuma yake na ndoo. Uwanjani kwa babu ninapita kila nikitumwa kwake, ila kichwani mwangu ile ilikuwa njia ya kwenda kwa babu. Ya kwenda nyumbani ilikuwa ile nyingine.

Mteja alinawa miguu, akavigonga vyungu kimoja kimoja kusikiliza mlio, akachukua vyote vikubwa. "Irekebishe," akaniambia, "ndipo niwatumie wenzangu. Hivi hivi watanitukana."

Kurekebisha maana yake kupitisha wageni uwanjani kwa babu, na ruhusa lazima niombe mwenyewe. Nilienda na simu ya baba, nikanong'ona tu kuwa wageni wanapotea, nikamwonyesha ramani.

"Mke wangu," babu akasema, ndivyo anavyonitania, "huu mstari unaozunguka ni wa nani?"

"Wa mama."

Akaufuata kwa kidole, polepole, kijito na yote. Kidole kikasogeza ramani ikapotea, nikamrudishia.

"Anazunguka mpaka huko? Mimi nasikia ndoo tu migombani." Akanirudishia simu. "Wageni wapite hapa. Lakini wa kwake usiufute. Na umwambie ndaga fijo."

Nilimfikishia mama hiyo asante, nikamweleza babu alivyoufuata mstari wake. Alikuwa analainisha mdomo wa chungu, hakuinua kichwa, ila nilimwona anatabasamu. "Kumbe ni mrefu kweli?" akaniuliza. Nikamwonyesha. Akauangalia mstari wake muda mrefu kuliko alivyoangalia picha za vyungu vyake.

Sasa wageni wanapita uwanjani, na babu anawaelekeza hata wasipouliza. Mama bado anazunguka, nami nikiwa naye nazunguka.

Madam aliniuliza mbele ya wote kwa nini nyumba moja ina njia mbili. Nikaona aibu, nikamwambia abonyeze. Mstari wa mbele umeandikwa "Wageni". Wa nyuma nimeandika "Mama hupita hapa."