Fundi Nabwire na Waya Uliomponza Nahodha

Jua limechomoza nyuma ya vilima vya Nandi, na Elsie Nabwire tayari amelala chali chini ya usukani wa boti, miguu nje, kichwa ndani ya kabati la nyaya. Tochi ameibana kwa meno. Nje, kando ya gati la Kisumu, vibarua wanasukuma magugu maji kwa miti mirefu ili boti ipate pa kutokea.

"Washa, Mzee," anasema, na tochi inamchezea mdomoni.

Nahodha Zadock Amolo anabonyeza swichi. Skrini ndogo ya kijani inawaka. Nabwire anachomoa waya mmoja, na papo hapo kengele inalia kwa sauti kali inayowafanya vibarua wageuke. Anaurudisha waya. Kengele inanyamaza.

"Hiyo kelele imekuwa rafiki yangu," anasema Mzee Zadock, huku akipangusa kioo kwa kiganja.

Nabwire, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni fundi wa vifaa vya kuongozea boti. Boti hii inaitwa Ng'wono, yaani rehema kwa Kijaluo. Ni mali ya zahanati ya kanisa, na huwabeba wagonjwa kutoka visiwani hadi kwenye hospitali za bara.

Ndani yake mna kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kujua boti ilipo, ambacho mabaharia wanakiita GPS. Mna kipima kina cha maji. Mna pia skrini inayoonyesha boti kama nukta inayotembea. Kila kimoja kilitoka kiwanda chake na kililetwa na mfadhili wake. Kazi ya Nabwire ni kuhakikisha vinaelewana.

"Ni kama sisi hapa Kisumu," anaeleza. "Mimi ni Msamia. Mzee ni Mjaluo. Tukitaka kusikizana tunaongea Kiswahili, hata kama kimevunjika kidogo. Hivi vifaa navyo vina Kiswahili chao."

Kiswahili hicho ni kanuni ambayo watengenezaji wa vifaa vya majini huko ng'ambo walikubaliana mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kifaa kimoja huwa msemaji, kingine msikilizaji. Msemaji hutuma sentensi fupi fupi kwenye waya, kila moja ikianza kwa alama ya dola, na ndani yake mna saa, mahali, mwendo na mwelekeo. Msikilizaji husoma, basi.

Nabwire hakuzaliwa akiyajua haya. Alitoka Funyula mwaka 1981, alipomaliza kidato cha nne, akaja kukaa na mjomba wake Wakhisi aliyekuwa akitengeneza redio katika soko la Kibuye. Alianza kwa kufagia kibanda. Mjomba alipoanza kuona vibaya, Nabwire ndiye aliyeshika chuma cha kulehemu.

"Wateja wengine walikuwa wananiona, wanauliza, fundi yuko wapi," anasema na kucheka. "Nawaambia ametoka kidogo. Wanaacha redio. Wakirudi inaimba."

Mwaka 1989 redio ya mawasiliano ya Ng'wono iliharibika, zahanati ikamwita. Hakuondoka tena. Mshahara ni mdogo, kwa hiyo Jumamosi bado hurudi Kibuye kutengeneza redio na kaseti. Watoto wake wawili wanasoma kwa kazi hiyo ya Jumamosi.

Skrini ilipoletwa, Mzee Zadock ndiye aliyeifundisha ziwa. Siku za jua kali aliizungusha boti kando ya miamba yote anayoijua tangu utoto wake Rusinga, na kila penye mwamba akabonyeza alama. Alijivunia kazi hiyo. Alizoea kuwaambia abiria kwamba macho yake sasa yamo ndani ya kile kioo na hayatazeeka.

Kisha ikaja mvua ya masika ya mwaka 1996.

Asubuhi moja Ng'wono iliondoka Mfangano ikiwa na mama mjamzito, Apiyo, aliyekuwa akisumbuliwa na uchungu tangu juzi yake. Muuguzi wa boti, Sista Lornah, alikuwa amemlaza kwenye godoro karibu na usukani. Mvua ikaanza, ikawa nzito, nchi kavu ikapotea pande zote. Mzee Zadock akafunga mlango wa chumba cha usukani ili mgonjwa asilowe, akapunguza mwendo, akaitazama skrini.

Nukta ilikuwa inatembea vizuri, mbali na alama zote za mwamba.

"Nilisikia ndege kwanza," Mzee anakumbuka. "Minandi. Minandi hawakai juu ya maji matupu, wanakaa juu ya jiwe. Nikajiuliza, jiwe gani liko hapa? Kabla sijarudisha injini nyuma, tukagonga."

Maji yakaingia. Wavuvi waliosikia honi ya boti walifika, wakamhamisha Apiyo kwenye mtumbwi wao wa injini na kumfikisha Mbita. Mama akapona. Mtoto hakupona.

Boti ilizibwa kwa muda na kuvutwa hadi Kisumu, na kamati ya zahanati ikakaa wiki hiyo hiyo. Nabwire aliitwa, akawasha vifaa mbele yao botini, na kila kitu kikafanya kazi. Nukta ilikaa palepale boti ilipokuwa imefungwa. Wanakamati walitazamana. Kama vifaa ni vizima, aliyekosea ni mtu. Wakasema mzee amechoka, labda alisinzia. Akasimamishwa kazi.

Mzee Zadock hakubishana. Alikunja koti lake la mvua, akampita Nabwire kwenye ngazi za gati, akasimama.

"Nyar Samia," alimwambia, binti wa Samia, kama alivyozoea kumwita. "Mimi sikulala. Hiyo kitu iliniambia niko kwa maji safi. Nikikufa, wewe ujue hivyo."

Maneno hayo yalimkaa Nabwire rohoni kama mwiba wa samaki. Kijijini kwa mzee, Rusinga, watu walianza kunong'ona. Mzee aliacha kwenda kanisani kwa sababu familia ya kwao Apiyo, aliyeolewa Mfangano, ilikuwa ikisali hapo hapo.

"Ningenyamaza, hakuna mtu angeniuliza," anasema Nabwire. "Nilikuwa nimeonyesha vifaa vinafanya kazi. Lakini mimi namjua huyu mzee. Hata chai hanywi akishika usukani."

Alipima nyaya zote, hakuona kasoro. Alizipima tena. Mwishowe aliomba simu ya ofisi na kumpigia Shitanda, fundi wa meli aliyemfahamu huko Mombasa, akamsimulia kisa chote. Shitanda akamuuliza kama anajua skrini hufanya nini inapokosa sentensi.

"Nikamwambia, si itasema haisikii?" Nabwire anasimulia. "Akasema hapana, dada yangu. Kanuni inamwambia msemaji aseme vipi. Haimlazimishi msikilizaji akujulishe kwamba hajasikia. Nyingine huzima. Nyingine, hasa za zamani, huendelea kukisia kwa mwendo na mwelekeo wa mwisho zilizoambiwa."

Nabwire alikata simu, akapiga hesabu. Ikiwa sentensi zilikatika kwenye mvua ile, skrini ingeendelea kuitembeza nukta katika mstari ulionyooka huku upepo ukiisukuma boti pembeni, na nahodha asione tofauti yoyote.

Lakini zilikatika wapi, na kwa nini? Waya ulikuwa mzima kila alipoupima. Akapanda matatu mpaka kivuko cha Luanda Kotieno, akavuka maji kwenda Mbita, akafika Rusinga na kumkuta Mzee Zadock nyumbani akichambua maharagwe na mkewe. Akamwomba amsimulie siku ile upya, asiache kitu.

Mzee alisimulia. Alipofika kwenye mvua, Nabwire alimkatiza.

"Mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Nilifunga. Mgonjwa alikuwa hapo chini. Ningeacha anyeshewe?"

"Na kwa kawaida?"

"Kwa kawaida uko wazi. Joto la hicho chumba unalijua."

Walirudi Kisumu pamoja. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu kusubiri kuzibwa tundu kabisa. Nabwire aliunganisha waya wa GPS na kompyuta kuukuu ya ofisi ya zahanati, sentensi zikaanza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari, kila mmoja na dola yake. Akamwomba mzee afunge mlango.

Sentensi zikakoma.

Akaufungua. Zikarudi. Waya ulipita karibu na bawaba, chini ya ubao, na kila mlango ulipofungwa, bawaba iliubana. Siku ya ukaguzi kulikuwa na jua na mlango ulikuwa wazi. Siku zote alizopima, mlango ulikuwa wazi.

"Mzee alikaa chini palepale sakafuni," anasema Nabwire. "Nilidhani anaumwa. Kumbe analia."

Wanakamati walipokuja safari hii, Nabwire hakuwahutubia. Alimpa mwenyekiti mpini wa mlango ajifungie mwenyewe. Mwenyekiti alifunga, akafungua, akafunga tena. Kisha akaenda kwa Mzee Zadock, akampa mkono na kumrudisha kazini. Jumapili iliyofuata alisafiri hadi Rusinga, akasimama kanisani na kusema mbele ya waumini kwamba nahodha hakusinzia.

Waya ulikuwa umehamishwa siku ile ile wanakamati walipokuja. Hata hivyo, Nabwire hakuridhika. Waya mwingine ungeweza kukatika kesho, panya akautafuna au maji yakauozesha, na skrini ingedanganya vilevile. Akakaa na vipuri vya redio kule Kibuye akaunda kisanduku kidogo kinachosikiliza waya. Sentensi zikiendelea kupita, kinatulia. Zikikatika, kinapiga kengele. Cha kwanza kililia ovyo kila injini ilipowashwa. Cha pili kiliungua. Cha tatu ndicho kinacholia asubuhi hii gatini.

Sasa boti nyingine mbili za ziwani zina kisanduku kama hicho, na mwezi ujao Nabwire anatarajia kwenda Homa Bay kufunga kingine. Angependa pia kufungua darasa la wasichana wanaopenda umeme. Tayari mmoja wa Pap Onditi na mwingine wa Awasi wameuliza. Anachokosa ni chumba.

"Na hao wanaoandika kanuni ng'ambo, ningeomba kitu kimoja tu," anasema. "Waandike kwamba asiyesikia aseme hasikii."

Kuna safari nyingine iliyo karibu zaidi. Apiyo ni mjamzito tena. Sista Lornah alipomtembelea Mfangano, mama huyo alimwambia kwamba hataki kupanda Ng'wono. Siku chache baadaye akatuma neno kwamba atapanda, kwa sharti kwamba Mzee Zadock ndiye ashike usukani, na yule mama wa nyaya akae kando yake mpaka wafike.

Mzee Zadock aliposikia, alikwenda moja kwa moja ofisini. Akauliza injini itafanyiwa ukaguzi lini.

Nabwire ameshawaambia wateja wake wa Kibuye kwamba Jumamosi mbili za mwisho wa mwezi hatakuwepo. Hajui siku yenyewe, kwa kuwa mtoto huchagua siku yake. Begi lake, lenye chuma cha kulehemu na nguo ya kubadilisha, limo ndani ya boti tayari.