Bakuli Jekundu la Bibi

Matanga ya bibi yalipokwisha, shangazi aliomba kitu kimoja tu kutoka nyumba ile ya kijijini Kemambo: bakuli la Kichina. Nilipolishika kumkabidhi, rafiki yangu, utoto wote ukanirudia.

Lilikuwa la kale sana. Bibi alipewa na mke wa mfanyabiashara wa Tarime mjini ambaye bibi alikuwa akimpelekea maziwa; mama huyo alilirithi kwa wazee wake wa pwani. Lilikuwa jekundu kama damu ya ng'ombe inayoanza kuganda, ila upande mmoja wekundu uligeuka zambarau, kisha bluu, ukachuruzika hadi chini. Kwetu ule ulikuwa uchafu.

Basi ikafika siku ya watu waliokuja kumposa shangazi. Bibi hakuwa na chombo kingine cha heshima cha kumpa mzee mgeni uji. Asubuhi alitukabidhi sisi wajukuu majivu na magunzi ya kusugulia.

"Sugueni! Mnataka waseme binti yangu katoka nyumba chafu?"

Tukasugua mpaka vidole vikawaka moto. Uji wa wimbi ulinukia jikoni, kuku wakituzunguka, na zambarau ikazidi kung'aa.

Jirani yetu mfinyanzi akapita na udongo kichwani, akacheka.

"Mama, utawamaliza watoto. Hiyo haitoki. Moto ndio umelamba hapo, kama kwenye vyungu vyangu."

"Vyungu vyako vina madoa meusi."

"Na huko China wana moto wao!"

Bibi hakusadiki, lakini wageni walishabisha hodi. Alijaza uji, akampa mzee wao huku kiganja chake kimefunika ile zambarau. Mzee akanywa, akaligeuza bakuli taratibu, akaiona. Bibi aliinamisha macho. Sisi tulichungulia mlangoni.

"Mama," mzee akasema, "ningekuwa na ng'ombe wa rangi hii, nisingemtoa mahari. Ningebaki naye nimtazame tu."

Watu wakaangua kicheko, bibi akicheka kuliko wote. Shangazi aliolewa, na ameishi vizuri.

Kwa hiyo bakuli ni haki yake. Alilifunga kwa kitenge, akalipakata juu ya bodaboda kama mtoto mchanga. Mfinyanzi naye alishatangulia kaburini. Pale alipochomea vyungu pameota migomba. Nilibaki uani peke yangu, moyo umetulia. Kitu kimoja tu kilinichoma: jina langu la utotoni, lile la kuniitia nikanywe uji, bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kulitamka.