Nilivyomwekea mama matanga naye yu hai

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya ninayoyaleta si ya kusikia. Yamenifika mimi mwenyewe, hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nusu ya mtaa ni mashahidi. Nusu iliyobaki ilikwama kwenye jamu ya malori.

Mwaka jana baba alituondokea ghafla. Aliomba chai, mama akaenda jikoni, aliporudi na kikombe mzee keshakwenda zake. Hakuugua hata mafua.

Tangu hapo nikaingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nafanya kazi mtaa wa Shimanzi, kwenye kampuni ya malori. Mama akichelewa kupokea simu, mimi nishaliona jeneza.

Basi nikajipa kazi ya kumlinda asife.

Chekeni, lakini nilikuwa makini kwelikweli. Nikapiga marufuku chumvi. Nikapiga marufuku mahamri. Nikanunua mashine ya presha, kila asubuhi mkono nje, apimwe. Ikawa akiniona naja nayo, ajifunika leso gubigubi.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "mimi ntakufa mara moja tu. Wewe wanizika kila asubuhi."

Sikumsikia. Mwenye hofu hana masikio, wakuu.

Jumamosi moja nikarudi kutoka kazini mapema. Mama alikuwa na mafua, alikula, akameza dawa, akalala. Nikaenda kumchungulia. Kifua sikukiona kikipanda. Nikaita, "Mama!" Kimya. Nikamwekea kidole puani. Hakuna pumzi.

(Pangaboi la darini lilikuwa linazunguka kwa nguvu zake zote. Hata pumzi za ngamia nisingezihisi. Lakini akili hiyo ilinijia baadaye.)

Nikatoka roshani nikapiga ukelele.

Jirani yetu Bi Mwanakombo ndiye admin wa grupu la mtaa. Kabla sijafuta machozi, sauti yake ishafika kwenye kila simu: "Innaa lillahi! Mamake Faraji katutoka!"

Mimi nami nikampigia ami yangu Swaleh, aliyeko Mbaraki, na Mutua, mwenzangu wa kazini. Wanaume wakaja wakaniteremsha chini wakanikalisha. Nikakataza mtu asipande juu mpaka dada yangu afike kutoka Tononoka amwone mama kwanza.

Ami Swaleh, ukimwalika harusi hufika watu wanaosha sahani. Msibani ndiye wa kwanza. Akaja na majamvi na mpishi. Akina mama wakaangua kilio mlangoni, na kati ya kilio na kilio nikasikia mmoja akiuliza kama pilau itakuwa ya mbuzi au ya ng'ombe.

Kelele hizo ndizo zilizomwamsha mama.

Akaondoka kitandani, akavaa buibui lake, akateremka ngazi mbiombio kuwahi msiba. Mlangoni akamshika Bi Mwanakombo mkono.

"Alokufa ni nani?"

Bi Mwanakombo akamtazama juu mpaka chini. Akaketi palepale chini.

Wengine walikimbia. Mimi nilimkumbatia mama nikalia kuliko nilivyolia alipokuwa maiti.

Hatujatulia, Mutua huyo, na suti nyeusi kwenye jua la Mombasa. Hajapata kumwona mama. Akamwendea moja kwa moja.

"Pole sana, mama. Tumesikia marehemu alikuwa mtu mwema."

Mama akampokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Alikuwa mwema kweli. Ila mwanawe alikuwa akimnyima chumvi."

Ami Swaleh alikasirika. "Sasa mpishi nimwambie nini?"

"Mwambie apike," mama akasema. "Watu wamekuja, nami nina njaa."

Wakala, wakacheka, wakaenda zao. Nikabaki naye nikingoja kukaripiwa. Hakunikaripia.

"Mwaka mzima waiogopa siku hii," akasema. "Leo imekuja. Ulifanya nini?"

"Nililia."

"Kisha?"

"Watu wakaja."

"Walikuacha peke yako?"

"La."

"Basi, siku ya kweli itakuwa vivyo hivyo. Utalia, na watu watakuja." Akatazama dirishani. "Lakini mimi babako alipokufa, wewe ulinijia na mashine. Nilitaka uje ukae."

Wakuu, nikavuta kiti. Nikakaa. Tukamzungumza baba mpaka magharibi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Nilichojifunza? Nilidhani namlinda mama na mauti, kumbe najikinga mimi na huzuni yangu, na yake nikaiacha mlangoni. Hofu haijaniisha, sitawadanganya. Lakini siku hizi nikiingia kwake naingia mikono mitupu.

Nanyi mlio na hofu kama yangu, mwaishi nayo vipi? Andikeni hapo chini, na wa kunicheka wacheke, nimeshazoea.

Ila kama mamako yu hai na yuko chumba cha pili, uzi huu uweke kando kwanza, nenda kakae naye. Maoni yatakungoja.