Kambi ya Mwalimu Alistidia kule Rweya

Watu wakimtaja Mwalimu Alistidia siku hizi husema alikuwa mpole. Hawakumjua. Mimi Georgina, niliyewapikia watoto wa kambi zake miaka tisa, nawaambia alikuwa mbishi wa kupindukia, ila ubishi wake ulikuwa na sauti ndogo. Ungedhani anakuomba ruhusa, kumbe anakupa taarifa.

Alizaliwa Izimbya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kama sisi wote. Akiwa na miaka kumi na sita aliingia utawa. Alikaa miaka minne, kifua kikamsumbua, masista wakamrudisha nyumbani na blanketi moja. Akakuta baba yake amefariki na kibanja kimekwenda kwa kaka yake, maana kwa desturi yetu binti hakuwa wa kurithi migomba. Kaka alimpa chumba cha pembeni na akawa anamkumbusha kila wiki kwamba amempa. Alipochoka kukumbushwa alikuja kwetu Buganguzi kuomba kazi ya ukatekista. Wakati ule makatekista walikuwa wanaume watupu. Padre alimpa darasa la watoto wadogo kwa sababu hakuna mwanaume aliyelitaka.

Sasa, chini ya Buganguzi, mwendo wa saa tano kwa miguu, kuna rweya, uwanda wa nyasi ambako mgomba haukubali. Kwetu rweya ni mahali pa kukata nyasi za kutandika sakafuni, si mahali pa mtu kukaa. Lakini mwaka 1970 kilifunguliwa huko kijiji cha ujamaa, na waliokwenda ni wasiokuwa na chao: vijana waliokosa ardhi, wajane wawili watatu, na Warundi waliokuja zamani kuchuma kahawa zetu wakabaki. Kijiji kilikuwa na jina lake la kiserikali. Sisi wa juu tulikiita Rweya tu, na tulilitamka kama mtu anayetema ganda la muwa.

Alistidia alikuwa akishuka huko kila Alhamisi na kitabu chake cha sala, na kifua kile kibovu. Siku moja alirudi akaniambia, "Ma Georgina, wale watoto wakija kanisani kwetu wanakaa nyuma karibu na mlango. Wanadhani ndiyo sehemu yao."

"Si wamezoea?" nilimjibu. Nilikuwa mjinga, nakiri.

Akapata wazo. Likizo ya Juni mwaka 1972 angefanya kambi ya watoto, wiki nzima, watoto wa Buganguzi na watoto wa Rweya pamoja, wasali, waimbe, wacheze, wale chungu kimoja. Tena kambi isiwe kwetu juu, iwe kule kule Rweya. Padre alishika kichwa. Juni kahawa inaiva, mzazi gani atamwachia mtoto? Mwishoni alikubali, lakini kwa sharti.

"Wiki moja," alisema, mimi nikiwa nimesimama pale pale. "Nikisikia lalamiko la mzazi mmoja tu, Alistidia, kambi imekwisha, na ukatekista umekwisha. Utarudi kwa kaka yako Izimbya."

Alistidia alisema, "Asante, Padre," kana kwamba amepewa zawadi. Nilijua anaogopa nini. Afadhali angeambiwa atalala chini ya mti kuliko kurudi kwenye kile chumba cha pembeni.

Tulipata watoto kumi na tisa kutoka juu. Tuliwapata kwa sababu Mzee Ishengoma, kwetu Ta Ishengoma, alimtoa binti yake Kokuhirwa, wa miaka kumi, na Ta Ishengoma akitoa, wengine hutoa. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, balozi wa nyumba kumi wa TANU, na mwenye kibanja kikubwa kuliko vyote upande ule. Viongozi wa wilaya walikuwa wanamuuliza kila mkutano ameuunga mkono ujamaa kwa lipi. Kumtoa mtoto wiki moja kulikuwa rahisi kuliko kutoa migomba.

Jumatatu tulishuka. Watoto wa Rweya walikuwa kumi na watano, wamejipanga mbele ya banda la darasa, wamenawa hadi wanang'aa. Wetu walijipanga upande wa pili. Hakuna aliyevuka. Mchana nikapika walichokuwa nacho wenyeji, ugali wa muhogo na maharage, na hapo ndipo kilio kilipoanza. Watoto wa Kihaya, waliozoea ndizi asubuhi na jioni, walilitazama lile donge jeupe wakauliza chakula kitakuja saa ngapi. Mmoja alilia hadi akatapika. Nilitamani kuwachapa wote kwa mwiko.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano mchana nikamwona Kokuhirwa amekaa na msichana mmoja wa Rweya, mwembamba, meno ya mbele yamepishana, anaitwa Celina. Celina alikuwa anamfundisha kukata tonge, kulibonyeza kwa kidole gumba na kuchotea maharage. Kokuhirwa akala. Watoto wetu walipoona binti wa Ta Ishengoma anakula, nao wakala, na jioni ile kwa mara ya kwanza sufuria ilirudi tupu. Alistidia alicheka peke yake kama mwehu. Aliwakusanya wote akawafundisha juu ya damu ya Kristo: kwamba Yesu alitoa damu yake, tukaipokea, na tangu hapo sisi ni ndugu, nyumba yangu ni nyumba yako, na asiyemtunza ndugu yake amejilaani mwenyewe. Watoto walisikiliza kweli kweli. Walisikiliza kupita kiasi.

Alhamisi asubuhi, wasichana wakioga kijitoni, niliona mkwaruzo mwekundu karibu na kitovu cha Kokuhirwa.

"Nani kakuumiza?"

"Hakuna, Ma Georgina," alisema kwa majivuno. "Mimi na Celina tumefanya omukago."

Mawe, mama yangu! Niliketi majini na nguo zangu. Kwa asiyejua, omukago ndio undugu wa kuchanjiana wa wazee wetu. Watu wawili hupasua tunda la kahawa ya kutafuna, ambalo ndani lina punje mbili. Kila mmoja huipaka punje yake damu ya chale aliyojichanja tumboni, mwenzake huimeza. Basi, wamekuwa ndugu kuliko waliotoka tumbo moja. Ndugu huyo humfungii mlango, humnyimi chakula, humkani mbele ya watu, na ukivunja, ukoo wako wote una hatari. Padre zetu walikuwa wamelipiga vita jambo hilo tangu enzi za bibi zangu. Tena lilikuwa la wanaume! Lakini Kokuhirwa alikuwa na kahawa, maana mama yake alimfungia kifurushi ili asiende ugenini mikono mitupu, na wembe waliuokota. Walichosikia kwa mwalimu walikifanyia kazi kwa njia waliyoijua.

Na ndugu aliyemchagua ni nani? Celina alikuwa binti wa Yoeli, Mrundi aliyelima kibanja cha Ta Ishengoma miaka kumi na moja kabla ya kuhamia Rweya. Miaka yote hiyo Yoeli alikula nyuma ya jiko. Hakuwahi kukanyaga nyasi za ndani ya nyumba ile.

Nilimkimbilia Alistidia. "Funika," nilimwambia. "Mkwaruzo utapona kabla ya Jumamosi. Mtoto nitamtisha asiseme."

Alistidia alifunga kitabu chake cha sala. "Nitamfundisha mtoto kusema uongo, halafu jioni nimfundishe Amri Kumi?"

"Utarudi Izimbya!"

"Najua."

Akachana karatasi kwenye daftari, akamwandikia Ta Ishengoma kwamba binti yake amefanya omukago na mtoto wa Rweya, akampa mtu wa baiskeli aipeleke. Nilimtukana. Sijuti, alistahili. Mtu anajichimbia kaburi na anachagua jembe zuri!

Ijumaa, saa nne, Ta Ishengoma alitokea bondeni, amevaa koti na kofia, fimbo mkononi, jasho limemlowesha hadi mgongoni. Salamu hakuitikia.

"Nimeshampelekea Padre habari," alisema. "Anakuja na pikipiki. Nimekutolea mtoto wa Kikristo, mwalimu, wewe unanirudishia mpagani. Kokuhirwa! Chukua vitu vyako."

Kokuhirwa alikuja, Celina nyuma yake wameshikana mikono.

"Huyu ndiye?" aliuliza Ta Ishengoma. "Wa nani?"

"Wa Yoeli, tata," alimjibu baba yake.

Fimbo ilisimama hewani. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, aliuliza, "Mlimeza?"

"Tulimeza."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, tata."

Ta Ishengoma alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kuni zangu. Nimemfahamu mzee yule tangu nikiwa binti, na sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa anaogopa. Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, anayebeba msalaba Ijumaa Kuu, anaogopa punje mbili za kahawa!

Alistidia naye aliona. Angeweza kumbana pale pale. Badala yake akachuchumaa mbele yake, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Waitu, mzee wetu Ta Ishengoma, kosa ni langu, sikuwaeleza watoto vizuri. Sisi ni Wakristo. Ile ni kahawa tu. Ukimchukua binti yako sasa hivi ukaenda naye nyumbani, hakuna litakalotokea. Unaamini hivyo, sivyo?"

Ta Ishengoma aligeuka huku na huku. "Punguza sauti, mwalimu. Usiseme hivyo hadharani."

"Basi mchukue."

Hakuinuka. Tulimsubiri. Maharage yalichemka, yakafurika, nikayaacha. Mwisho alijishika goti, akasimama, akauliza, "Nyumba ya Yoeli ni ipi?"

Ilikuwa ya tatu kutoka bandani, ndogo, ya udongo na nyasi. Mke wa Yoeli alipomwona nani anakuja alikimbilia ndani kutandika nyasi mpya. Nilijua hana unga, kwa hiyo nilichota ugali wa kambi na maharage yangu, nikawafuata. Sikualikwa. Mtu angenizuia tungegombana.

Ta Ishengoma aliinama mlangoni, akavua viatu, akakaa chini kwenye nyasi. Yoeli alimletea maji ya kunawa. Maji mengi yakamwagika.

"Karibu, bwana," alisema Yoeli.

"Hilo la bwana tuliache," alisema Ta Ishengoma, akiangalia sakafu. "Watoto wametuzidi."

Nikaweka chakula. Ta Ishengoma, ambaye hajawahi kukiita ugali chakula, alilitazama donge lile kama wale watoto wa Jumatatu. Akamega. Hakujua kubonyeza, maharage yakamdondokea kwenye koti.

Yoeli alikuwa anamtazama. "Nilikula kwako miaka kumi na moja," alisema polepole, bila ukali. "Leo ndiyo nakuona unavyokula."

Ta Ishengoma aliacha kutafuna. Macho yake yalijaa maji, na si kwa sababu ya moshi, maana moto haukuwashwa. Alimega tonge jingine, akalibonyeza vibaya, akampa Yoeli mkononi. Yoeli alilipokea akala. Mimi nilitazama pembeni.

Hapo ndipo tuliposikia pikipiki. Padre aliingia na vumbi lake, Alistidia nyuma yake. Padre alitegemea kukuta vita. Akakuta watu wawili na sahani moja.

"Ta Ishengoma, uliniita. Umesema kuna upagani. Lalamiko lako ni lipi?"

Nilimkanyaga Alistidia mguu ili anyamaze. Haikusaidia. "Lipo, Padre," alisema. "Watoto wawili wamechanjiana kwa kahawa. Ni mafundisho yangu waliyoyaelewa vibaya. Binti mmoja ni wa Ta Ishengoma."

Padre alivuta pumzi. Nilimwona Alistidia amefumba macho. Najua alikuwa anakiona kile chumba cha Izimbya, na kaka yake amesimama mlangoni.

"Mzazi ndiye niliyemuuliza," alisema Padre. "Ta Ishengoma, unalalamika?"

Ta Ishengoma alilamba vidole, akafikiri. "Nalalamika," alisema. "Maharage hayana chumvi."

"Na omukago?"

"Padre, keti kwanza. Nyumbani kwa ndugu yangu hatuongei na mgeni aliyesimama."

Padre alimtazama yeye, akamtazama Yoeli, akamtazama Alistidia. Kisha akavua viatu, akakaa kwenye nyasi. Baadaye aliwapa wale wasichana somo refu, na malipizi ya kuosha sufuria zangu zote, adhabu waliyoitumikia wakiimba. Kambi ilikwisha Jumamosi kama ilivyopangwa, na mwaka uliofuata tulishuka na watoto arobaini na wawili.

Lakini siku ile Alistidia alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba ya Yoeli akalia kwa kwikwi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi. Nikakaa naye, nikamshika bega. Chumvi nilikuwa nimetia, tena ya kutosha. Nilimsamehe mzee yule uongo wake wote.